Maji Yameiva

…na tena alimwita "wewe". Si Mama, si samahani Mama, "wewe", "ni wewe uliyeyachafua haya maji, basi ni wewe utakayeyasafisha", akamtia kijiti mkononi, akamwekea ndoo miguuni, akageuka na kuingia jikoni, kandambili zikipiga sakafu pa, pa, pa, kama zinayamalizia maneno yaliyobaki mdomoni, na hapa ndipo alipo sasa, mama mtu mzima, mjane, aliyestaafu kwa kupigiwa makofi na kukabidhiwa saa ya ukutani, amekaa kwenye kigoda kando ya kibwawa cha uani kwa mwanawe, mkono wa gauni ameukunja hadi juu ya kiwiko, anazungusha kijiti majini, anazungusha, na ukoga unajiviringa kwenye kijiti kama uzi wa kufumia, mrefu, laini, kijani, ukiuvuta huu unakuja na mwingine, na huo mwingine una ndugu zake, na masikio yanamwaka, yanamwaka kweli, kana kwamba yeye ndiye binti aliyeolewa juzi na yule wa jikoni ndiye mavyaa, dunia imepinduka miguu juu, mkamwana kumgombeza mama wa mume, yeye enzi zake angethubutu, angeanzia wapi, mbele ya mavyaa wake hata kukohoa alikuwa anaomba ruhusa moyoni kwanza, na huyu, huyu anayemwita Bi Harusi tangu siku ile alipoingia mlangoni na maua kichwani, jina halijamtoka mdomoni hata leo ambapo harusi yenyewe imebaki picha ya ukutani, Bi Harusi mpole, Bi Harusi sauti ya chini, fundi wa miwani anayeshinda dukani akisugua vioo na kuvipima, anayeongea na watu kama anawapepea, leo amefungua mdomo na kutoa radi… na kosa ni lake, hilo hawezi kulikana, kile kiroba hakikuingia majini kwa miguu yake, alikitia yeye, kwa mkono huu huu, akakifunga kamba kwenye jiwe la pembeni na kukisukumia chini ya majani, si kwa ubaya jamani, kwa mapenzi, lakini nani atakaa kusikiliza mapenzi yaliyofungwa ndani ya kiroba cha samadi ya kuku.

Kwa sababu kwake yeye maji meupe ni maji yenye njaa. Ndivyo alivyofundishwa na ndivyo alivyokula na kulisha watoto, kule kwenye shamba la samaki, mabwawa yamepangana kama vitanda vya wodini, na kazi yake tangu ujana mpaka mvi ilikuwa hiyo moja, kuyafanya maji yawe kijani na kuyaweka kijani, maana samaki wa kuliwa huula ule ukijani wenyewe, hunenepa nao, asubuhi anapita ukingoni, anapiga goti, anachovya mkono wima na kiganja amekikunja kimtazame, polepole, polepole, kiganja kikipotea machoni maji yanapogusa kiwiko, basi yameiva, kikiwa bado kinaonekana, maji mabichi hayo, ongeza samadi, na kikipotea mapema, kwenye kifundo cha mkono, yamezidi, acha samadi, fungulia maji mapya haraka kabla samaki hawajaanza kuhema juu juu, kipimo kingine hakutaka, walileta vijiti vya kupimia na visahani vya kuzamisha, vikavunjika, vikapotea, mkono haukupotea, na wenzake wakamwita Kiwiko, mvi zilipoanza wakaongeza adabu, Bi Kiwiko, Bi Kiwiko njoo utuonjee bwawa la mwisho, naye akishatia mkono akisema yameiva, yameiva, nani wa kubisha, na kuna yule mgeni wa ukaguzi mwenye viatu vinavyong'aa aliyesimama ukingoni akasikiliza weee, mwisho akauliza, ngojeni, yakiwa meupe mnasema mabichi, yakiwa kijani kibichi mnasema yameiva, nyie watu mna akili timamu, na msimamizi akacheka mpaka akashika ukuta, na yeye Kiwiko akacheka, na bado anacheka, hapa hapa kwenye kigoda, midomo inamtoroka kidogo na anairudisha, si wakati wa kucheka huu, amegombezwa… na ndio maana alipofika hapa na kukuta kibwawa cha mkamwana, alichokichimba mwenyewe kwa sepetu, mviringo mzuri, mawe yamepangwa, ndani samaki wadogo wekundu wa mapambo, maji meupe mpaka unaona kokoto chini na kivuli cha samaki juu ya kokoto, wenzake wangesema pazuri, yeye moyo ulimwuma, maskini viumbe, wanaishi nyumba isiyo na jiko, na Bi Harusi anawarushia vidonge vya dukani anavyovibana kwa ncha za vidole, kama anatia chumvi, hivi watashiba lini hawa… akaenda kwa jirani mfuga kuku, akampigia soga, akarudi na kiroba kwapani, na siku ile, aseme kweli, ndiyo siku aliyojiona mtu tangu aje.

Maji yakaanza kubadilika, kwanza kama chai iliyokosa majani, kisha kama supu ya mboga, yeye kila asubuhi watu wakishaenda kazini anashuka uani na kuchovya mkono, anatabasamu peke yake, yanakuja, yanakuja, na Bi Harusi jioni anasimama na mkoba begani anatazama, anauliza, "Mama, hivi haya maji yamekuwaje?" naye anajibu kwa fahari, "yanaiva, mwanangu", na Bi Harusi anatikisa kichwa akidhani ni maneno ya wazee ya kulisema jua kali, hakuna aliyemwelewa mwenzake, mmoja anasubiri kushukuriwa na mwingine anajiuliza amekosea wapi, mpaka jioni ile Bi Harusi alipovua viatu, akayateka maji nusu kibwawa na kuyamwaga, akayasugua mawe kwa brashi hadi vidole vikachubuka, akajaza ya bomba, meupe, na kabla juma halijaisha ukijani ukarudi, na wa safari hii ulikuja na nyuzi, na yeye mzee pale kibarazani akaona yule mwanamke amekaa chini na miguu yake mitupu, hatazami kitu, akasema taratibu, si kwa mtu, "hapa ndipo nilipokuwa napumzishia macho", maana kutwa nzima anatazama vioo vya macho ya watu, akirudi anataka kutazama chini mpaka chini na aone… hapo ndipo moyo ulipomwanguka Bi Kiwiko, hapo ndipo alipojua kwamba alichoona njaa kilikuwa ndicho chenyewe kilichotakiwa, akasema kesho nitakitoa kile kiroba kimya kimya, na kesho kulikuwa na mtu nyumbani, na kesho kutwa mvua, na leo Bi Harusi ana mapumziko ya kazi, akaja na chupa ya dawa ya dukani ya kuua ukoga, akapiga magoti aondoe majani kwanza, mkono ukakutana na kamba, akavuta, kikatoka kile kitu kikichuruzika, na harufu yake, Mungu wangu, hata jirani alifunga dirisha, "Mama, hiki ni nini?" "Ni… chakula." "Chakula cha nani?" na kwa nini hakuomba radhi palepale yakaisha, kwa nini aliona ile chupa imefunguliwa kifuniko na badala ya kusema nisamehe akairukia na kuikamata, "usitie hiyo, ukoga ukifa wote siku moja utaoza wote siku moja, utawanyima samaki pumzi, asubuhi utawakuta tumbo juu", alisema kweli tupu, amewahi kuliona, bwawa zima limekuwa jeupe kwa matumbo ya samaki, lakini kweli nayo ina wakati wake wa kusemwa, si wakati kiroba kinanuka katikati yenu, na ndipo radi ilipopiga, ni wewe uliyeyachafua.

Anazungusha kijiti. Umejaa, anaukwangua kwa kidole gumba, unaanguka ndooni chubwi, mzito, anaanza upya, na anajiambia basi, Jumamosi si mbali, aende zake, mdogo wake amempigia simu tena jana, njoo dada, mimi mjane wewe mjane, chumba kipo, tutazeeka pamoja tukisengenya majirani, na mwanawe, fundi wa lifti, anayeshinda akipandisha watu ghorofani na jioni hawezi kupanda kitanda bila kuguna, alimwuliza mezani kwa sauti ya mtu anayebeba yai, "Mama, utakaa nasi moja kwa moja au Jumamosi nikupeleke kwa mama mdogo, sisi lolote utakalo," lolote utakalo, hilo nalo ni jibu la kumpa mtu, akasema nitawaambia, na kwa mdogo wake akasema kesho nitakupa neno, na kesho yenyewe ndiyo leo, na simu iko mfukoni mwa gauni, nzito kama jiwe… na moyoni alikwishaamua kwenda, tena si kwa sababu anateswa, anateswa na nani, godoro la kwake ndilo jipya, kikombe cha kwake ndicho chenye kisahani, nyama nzuri inavuka meza yote ije itue kwake, taulo lake limekunjwa kila asubuhi, akishika ufagio unachukuliwa mkononi, Mama pumzika, akikusanya vyombo, Mama acha pumzika, akianua nguo kwenye kamba, Mama utaumia mgongo, pumzika, pumzika, pumzika, na yeye anajua neno hilo watu hulisema wapi sana, fulani amepumzika, hatunaye tena, kupumzika kutwa kucha ni kazi ya marehemu na yeye bado ana pumzi na viganja vinamwasha, mwezi wa kwanza alisema ni heshima, wa pili akasema ni malezi mazuri ya huko alikotoka Bi Harusi, baadaye akaanza kujisikia mwenyewe anavyoongea, "naomba maji kama haikusumbui", "samahani naweza kufungua dirisha", anavyotembea kwa ncha za vidole akienda msalani, anavyokunja blanketi lake kama ataulizwa, na siku moja alijikuta ameketi ukingoni mwa sofa na mkoba mapajani, ndani ya nyumba ya mwanawe wa kumzaa, kama mtu anayengoja kuitwa kwa daktari. Ndipo akaenda kwa mfuga kuku.

Sauti inatoka jikoni, dirisha liko wazi, Bi Harusi anaongea na simu, na dada yake bila shaka, anapoongea na dada yake Kiswahili chake hupiga mbio, "…hapana, usoni kabisa… nakwambia sijui mdomo uliniponyoka vipi…" na maji ya bomba yanafunguliwa, yanafungwa, "…mama wa watu, mimi nikamshikisha kijiti…" kumbe na yeye hajatulia huko, anakata kitu ubaoni, ta, ta, kisu kinasimama, "…na kiroba cha samadi, dada, usicheke, usicheke bwana," na mwenyewe anacheka, cheko la mtu aliyetaka kulia likamponyoka upande wa pili, halafu chini chini, "…ataenda. Jumamosi ataenda, na mume wangu ataniangalia maisha yake yote kwa jicho lile…" na Bi Kiwiko amesimamisha kijiti, hazungushi, samaki mmoja mwekundu anapita karibu na uso wa maji, anaonekana mgongo tu, anazama ukijanini, anapotea… mbona anasema ataenda kama mtu anayepoteza, si angeshukuru, godoro litapumua, meza itarudi kuwa ya watu wawili… na hapo, sijui kwa nini hapo, anamkumbuka msimamizi wa mabwawa, mzee yule mwenye sauti ya kuamsha mamba, vibarua wa msimu aliwaita ndugu, ndugu hebu tafadhali, ndugu asante, aliwasemesha kwa adabu mpaka unamwonea huruma, na wale wa kudumu, wale aliowataka wawepo mwakani na mwaka wa pili yake, aliwaita mbuzi, wewe mbuzi umeacha lango wazi, Kiwiko nitakutumbukiza, na siku ya kwanza aliyomtukana hivyo, yeye akiwa msichana bado mgeni shambani, alikwenda nyuma ya ghala akalia, na mama mmoja wa zamu akamfuata na kanga yake akamfuta pua akamwambia, unalia nini, mjinga wewe, umeajiriwa. Mjinga wewe, umeajiriwa… na wahenga waliliona hili kabla ya mabwawa, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, watu hulisema kwa kumcheka mgeni mvivu, yeye mwenyewe amelisema hivyo mara ngapi, hakuwahi kufikiri kwamba mgeni naye huenda amekaa pale siku ya tatu, na ya nne, na mwezi wa nne, anatazama mlango anaotokea mwenye nyumba, anangoja hilo jembe, anasema moyoni nipeni basi, nami nilime, na wao kwa heshima wanaficha majembe yote uvunguni… anakitazama kijiti mkononi mwake. Amepewa. Kwa kelele, kwa "wewe", kwa kandambili, lakini amepewa, na huyu binti tangu aolewe ndiyo mara ya kwanza ametoa mbele yake sauti yake ya kweli, ile anayompa dada yake, ile anayompa mumewe nyuma ya mlango, radi imempiga yeye Bi Kiwiko kama inavyowapiga watu wa nyumba hii, masikio bado yana moto lakini moto wenyewe umebadilika, sasa ni kama wa mtu aliyeota jiko asubuhi ya baridi, naye amefurahi, aseme tu, amefurahi mpaka anaona haya.

Anazungusha tena, kwa nguvu sasa, kwa mahesabu, maana ajuaye kuwasha ndiye ajuaye kuzima, ukijani haushuki kutoka mbinguni, unataka vitu vitatu, chakula, jua na maji yaliyolala, na miaka yote alikuwa anaupa vyote vitatu kwa mkono wa kulia, sasa ataunyang'anya kwa mkono wa kushoto, chakula kwanza, kiroba kimetoka, bado matope yake pale chini na majani yaliyooza ya ule mti wa jirani, hayo yataopolewa kwa wavu polepole bila kuvuruga, na vidonge vya samaki vipungue, kinachobaki kikaelea ni karamu ya ukoga, halafu jua, hili linalopiga kibwawa kutoka asubuhi hadi alasiri bila hata kofia, hapo panataka mayungiyungi, majani yake yatandae juu ya maji yafunike zaidi ya nusu, ukoga ukikosa mwanga unasinyaa wenyewe, na maji yasilale, mwanawe anapandisha lifti za watu ghorofani hawezi kweli kufunga kipampu kimoja kikarusha maji kidogo, atafunga, ataambiwa na atafunga, si kuulizwa lolote atakalo, na kuyabadilisha yote kwa mkupuo marufuku, ndoo moja moja, hii ya kijani ikamwagiwe mchicha pale ukutani, mchicha utamshukuru kuku, na dawa ile ya chupa irudi dukani ilikotoka… anaona haya yote yamejipanga, siku na siku, mkono wake ukichovya kila asubuhi na safari hii ukisherehekea kukiona kiganja, kinyume cha maisha yake yote, na anacheka, sasa hairudishi midomo, hiki ndicho kichekesho cha uzeeni kwake, Bi Kiwiko kurudi darasani kusomea maji mabichi. Simu inatetemeka mfukoni, ni mdogo wake, anaiacha itetemeke mpaka ichoke, atampigia baadaye, atamwambia njoo wewe hapa uone, nina kazi.

"Mama." Kichwa cha Bi Harusi kimetokeza dirishani, macho mekundu, ama ni vitunguu ama si vitunguu, na sauti imerudi kuwa ya chini, ile ya kupepea, ile ya wageni, na mzee anaisikia na anaiogopa. "Mama, kuhusu yale maneno yangu, mimi…"

"Yaache hapo hapo yalipo," anasema, bila kugeuka, anazungusha, "yamekaa vizuri."

Bi Harusi hajui aingize kichwa au akiache. Kisha anauliza, "Yatachukua muda gani kusafika?" na mzee anajua angeweza kusema juma, angeweza kusema mpaka Jumamosi yatakuwa na nafuu, maji hayawezi kumsuta, lakini anayatazama, mazito, hata mkia wa samaki hauonekani, na anasema kweli, ambayo leo imepata wakati wake.

"Mwaka."

"Mwaka mzima, Mama?"

"Ukoga huku juu unatoka leo. Mayungiyungi ndiyo yanayochelewa. Yapandwe, yashike, yatandae. Na mwakani ukiyaacha bila mtu wa kuyapunguza yanageuka msitu, kwa hiyo na mwakani pia." Anakwangua kijiti ndooni. "Yanauzwa wapi huku?"

"Kuna mtu wa bustani, ni mbali kidogo, mpaka uende na gari." Anasita, kisu bado kiko mkononi. "Lakini gari Jumamosi si linakupeleka kwa mama mdogo?"

"Jumamosi gari linafuata mayungiyungi," anasema Bi Kiwiko, na hakusema naomba, na hakusema kama haiwasumbui, na alipogundua kwamba hakuyasema, alisubiri kidogo aone kama mbingu itaanguka.

Haikuanguka. Kisu kikarudi ubaoni, ta, kikasimama, ta, ta, mtu huko ndani anapenga kamasi, maji ni yale yale, kijani, hayajapungua hata unyayo wa kuku, kijiti kinazunguka, na jua limekwisha kuvuka mti wa jirani na kumkalia mzee kichwani, na kutoka jikoni ile sauti nyingine, ile ya kweli, ikaja imechoka na ina haraka zake, "Basi usikae juani, Mama, sogeza hicho kigoda," na hakutoka kuja kumsogezea. Akasogeza mwenyewe.